Gramu Mbili Nukta Nane Saba

4 Februari

Mwanangu,

Habari za huko? Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kama itakukuta umepanda cheo hadi huna muda wa kusoma, basi mpe mtu akusomee. Sisi huku hatujambo. Goti langu la kulia limeamua kustaafu kabla yangu, la kushoto bado linakuja kazini. Binti yangu amechumbiwa hatimaye, na Mkwe Mtarajiwa anatutembelea kila siku saa saba mchana, wakati sufuria inapoepuliwa. Anaipenda sana familia hii, hasa upande wa jikoni. Sare za shule mwaka huu nimeshona mia moja na arobaini, na wazazi mia moja na arobaini wamelalamika kwamba watoto wao wamekua tangu nilipowapima. Nimeomba radhi kwa niaba ya maumbile.

Nakuandikia kwa sababu karatasi haiwezi kukata simu. Mwaka jana nilikupigia mara tatu, na mara tatu mtandao ulikatika palepale nilipomtaja baba yako. Mtandao wa huko una akili sana.

Baba yako ana miezi minane kaburini. Nilikutumia ujumbe wa siku na saa ya maziko, na siku hiyo watu walijaa hadi barabarani. Alikuja hata yule mkaguzi wa vipimo, aliyestaafu, na fimbo yake. Alikuja mama wa nyumba ya tatu ambaye hajawahi kurudisha ngazi yetu. Nawataja waliokuja tu. Ambao hawakuja wanajijua.

Sasa, jambo lenyewe. Ndani ya bahasha hii utakuta mfuko wa shati la sare, saizi ya darasa la pili, nimeushona pande zote nne. Ufumue taratibu kwa wembe, usiupasue, maana kitambaa ni changu. Ndani mna sarafu. Ni kuukuu, nyembamba, nyeusi, ina maandishi ambayo mimi na miwani yangu tumeshindwa. Usiniulize nimeitoa wapi. Miaka sita iliyopita uliniandikia kwenye kadi ya mwaka mpya kwamba umejiunga na chama cha watu wazima wanaokaa chumbani kutazama sarafu. Nilicheka siku mbili. Leo nataka faida ya kile kicheko. Waulize wenzako hiki ni kitu gani, ni cha lini, na kimepita mikononi mwa nani. Hasa hilo la mwisho.

Mimi shangazi yako, unaye mmoja tu,
Fundi Cherehani


27 Februari

Shikamoo Shangazi,

Barua yako imenikuta mzima, asante. Pole kwa goti. Mpe hongera binamu, na umwambie kwamba kabla ya harusi amjaribu huyo bwana kwa wiki moja ya uji mtupu. Akivumilia, hayo ni mapenzi.

Mimi huku naendelea na lifti zangu. Jengo lina ghorofa kumi na sita na lifti mbili, moja mbovu na moja inayojifunza kutoka kwa mwenzake. Juzi wakili mmoja alikwama kati ya ghorofa ya tisa na ya kumi kwa dakika arobaini. Alipotoka akaniambia atanishtaki. Nikamwambia ajipange kwenye foleni nyuma ya wakili wa ghorofa ya sita. Mama mwenye nyumba wangu hajambo, ameongeza tangazo jingine ukutani, sasa ni marufuku pia kupiga mluzi bafuni.

Sarafu imefika. Nimefumua kwa wembe, kitambaa chako kizima, nitakirudisha kikiwa kimepigwa pasi.

Kuhusu maziko, nimeona orodha yako ya waliohudhuria. Nimefurahi kusikia mkaguzi wa vipimo alikuja. Sikujua alikuwa rafiki wa nyumba yetu. Mimi mara ya mwisho kumwona alikuwa amesimama kwenye karakana ya baba na mizani ya sonara kwapani, anaeleza kwamba amekuta kitu kimebandikwa chini ya sahani ya mawe ya kupimia, ili dhahabu ya wateja ionekane nyepesi. Mizani ile ilikuwa imetoka kwetu wiki hiyo, na kibandiko cha matengenezo kilikuwa na sahihi yangu. Baba hakuuliza ni kitu gani. Hakuuliza nani kakiweka. Alinitazama mimi, mtoto wake, fundi mizani mwenzake, akaniambia mbele ya wateja nifungashe. Nilifungasha. Sasa ni miaka tisa, na nadhani utakubali kwamba nimefungasha vizuri.

Tuyaache hayo. Jumamosi nitaipeleka sarafu chamani. Usitegemee miujiza. Tuko watano. Yuko Mwalimu, alifundisha historia miaka thelathini na hajapata nafuu. Yuko Daktari wa Meno. Yuko Mama Vifungo, ambaye hukusanya vifungo, si sarafu, lakini hakuna chama cha vifungo na sisi tulikuwa na kiti cha ziada. Na yuko Katibu, karani mstaafu wa posta, ambaye huweka kila karatasi kwenye faili, hata risiti ya biskuti. Wa tano ni mimi, kazi yangu kuleta biskuti. Tunakutana katika chumba cha nyuma cha duka la fotokopi, na kila tukikaribia ukweli mashine inaanza kunguruma.

Mtoto wa kaka yako,
Fundi Lifti


15 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Hapa hatujambo. Mkwe Mtarajiwa amepewa uji. Ameunywa na kuomba mwingine, kwa hiyo binti yangu anasema ni mapenzi na mimi nasema ni njaa. Paa la karakana ya baba yako limeanza kuvuja upande wa dirisha. Nimeweka ndoo. Mizani zake bado zimepangwa vilevile, hakuna aliyezigusa, nazifuta vumbi kila Ijumaa kama mjakazi wa makumbusho.

Nimesoma hadithi yako ya kufungasha. Nilikuwepo siku ile, kwa hiyo hukuwa na haja ya kunisimulia, lakini umeisimulia vizuri, hongera. Umesahau kipande kimoja tu, kwamba nilikukimbilia hadi kituo cha basi na kandambili moja mguuni, na wewe ukapandisha kioo.

Nilikuuliza jambo moja kuhusu maziko. Umenijibu mambo manne kuhusu mizani. Nitasubiri.

Sarafu vipi?

Shangazi yako


20 Aprili

Shikamoo Shangazi,

Samahani kwa kuchelewa. Lifti ile nzuri imeacha kujifunza, imefuzu. Nimepanda ngazi hadi ghorofa ya kumi na sita mara sita kwa siku na magoti yangu sasa yanaulizia ya kwako yalistaafu kwa utaratibu gani.

Chama kimefanya kazi. Nikuambie jinsi wataalamu wanavyofanya kazi, ili usije ukatucheka tena bila ushahidi. Jumamosi ya kwanza, Mwalimu aliiweka sarafu kwenye kitambaa cheusi, akainama na kioo chake cha kukuzia, akaikagua robo saa. Kisha akatangaza kwamba hiyo ni picha ya mfalme amepanda farasi, na kwamba huenda hakuna nyingine kama hiyo duniani. Tulipeana mikono. Daktari alitoa machozi. Wiki tatu mfululizo Mwalimu alitusomea kuhusu mfalme huyo na vita vyake. Wiki ya nne Mama Vifungo, ambaye hadi hapo alikuwa hajafungua mdomo isipokuwa kwa biskuti, aliigeuza sarafu juu chini akasema, “Hii mmeiweka kichwa chini miguu juu. Huyo farasi ni maandishi.”

Kweli, yalikuwa maandishi. Mistari mitatu. Mwalimu alipatwa na kikohozi na kwenda kunywa maji.

Daktari akaichukua kliniki kwake, akaisafisha kwa brashi laini ya meno na maji ya uvuguvugu, kwa heshima ambayo wagonjwa wake wangeitamani. Ni fedha halisi. Anasema kwenye mashimo ya herufi kulikuwa na uchafu mgumu wa rangi ya asali. Aliupasha moto kidogo ukayeyuka. Ni nta.

Nta, Shangazi. Upande mmoja tu.

Kitu hupakwa nta upande mmoja ili kibandikwe mahali, na hilo naliacha kwa sasa.

Mama Vifungo ameona kingine. Ukingoni kuna pengo dogo, kama mtu kapitisha tupa mara moja. Anasema kwenye vifungo vya fedha huwa anaona alama kama hiyo. Katibu alipolisikia hilo neno la pengo aliangusha kalamu. Kwa ujumla Katibu hajawa sawa tangu niilete sarafu hii. Mtu ambaye humwambia Mwalimu amekosea hata Mwalimu anaposema saa ni ngapi, sasa kila nikiuliza maoni yake anasema, “Tutaiangalia Jumamosi ijayo.” Jumamosi sita sasa. Nadhani ni uzee.

Umeuliza kuhusu maziko. Kazi zilikuwa nyingi.

Fundi Lifti


6 Mei

Mwanangu,

Marahaba, na pole kwa ngazi.

Ahaa, kazi zilikuwa nyingi. Kumbe. Basi nitawaeleza watu wote waliokuwa wananiuliza, maana mimi nilikuwa nimewaambia una homa. Nilikupa homa kali kabisa. Ningejua ni kazi nyingi nisingekusumbua na ugonjwa.

Ndoo ya karakana nimeibadilisha, nimeweka beseni.

Nenda ukamwone huyo Katibu wenu. Mwambie shangazi yako anasema Jumamosi ijayo imeshafika.

Mimi


9 Juni

Shikamoo Shangazi,

Sijui nianze wapi, kwa hiyo nitaanza na biskuti. Jumamosi iliyopita nilileta pakiti mbili kwa sababu Daktari alikuwa amebeba mizani ndogo ya maabara kutoka kliniki, ile ya kupimia unga wa kuziba meno, na tulikuwa tunaipima sarafu kwa mara ya kwanza. Mwalimu alikuwa ameleta kitabu cha orodha chenye uzito wa kila sarafu ya aina ile. Kilichobaki ni kulinganisha.

Daktari akaweka mizani mezani, akaisawazisha. Mimi nikamwambia mguu mmoja wa meza ni mfupi, weka karatasi chini. Mazoea. Mwalimu akafungua daftari aandike. Mashine ya fotokopi ikaanza kunguruma, kwa hiyo Mwalimu akapaza sauti:

“Haya, ni ngapi?”

“Gramu mbili nukta nane saba,” akajibu Katibu.

Mwalimu akaandika. Daktari akamtazama Katibu. Mama Vifungo akaacha kutafuna. Sarafu, Shangazi, ilikuwa bado mkononi mwangu.

Nikaiweka kwenye sahani. Mbili nukta nane saba.

“Umejuaje?” nikamuuliza.

“Nimekisia.”

“Hadi nukta ya pili?”

“Kazi ya posta,” akasema. “Mtu anazoea uzito wa vitu vidogo.” Lakini uso wake ulikuwa umelowa jasho, na yeye ni mtu ambaye huvaa sweta hata wakati wa joto. Mama Vifungo akamwekea mkono begani akamwambia kwa upole, “Mwambie tu. Miezi mitatu sasa unaugua mbele yetu.”

Akaniambia nimfuate. Anakaa mtaa wa pili, chumba kimoja, kitanda kimoja na makabati manne ya faili. Hakutafuta hata kidogo, mkono ulikwenda wenyewe. Akatoa faili ya kijivu akaniwekea magotini. Karatasi ya juu ilikuwa na sarafu hii imechorwa kwa kusuguliwa penseli, pande zote mbili, na chini yake uzito, kwa tarakimu ambazo ningezitambua hata kama zingeandikwa ukutani mwa jela. Saba yenye mkanda katikati. Nane iliyotengenezwa kwa duara mbili kama mtu wa theluji kwenye picha za watoto. Nimejifunza hesabu kwa nane hiyo.

Barua kumi na moja, Shangazi. Miaka minne. Baba yangu na Katibu wa chama changu. Na mimi kila Jumamosi nimekaa mkono wake wa kulia nikimpitishia biskuti.

“Aliniomba nisikwambie,” Katibu akasema. “Alisema atakuja kukwambia mwenyewe. Nikamwahidi. Halafu akafa, na sikujua ahadi ya marehemu inaishia wapi. Ulipoiweka ile sarafu mezani nilidhani moyo utasimama.”

Nilichukua faili nikatoka.

Sijazisoma. Ziko juu ya kabati. Nami sasa nina swali moja tu, na ukinijibu kwa habari za ndoo nitaichoma barua yako. Ulijua?

F.L.


30 Juni

Mwanangu,

Nilijua.

Zisome.

Shangazi yako


25 Julai

Mwanangu,

Nimepita posta mara mbili wiki hii. Yule dada wa dirishani sasa ananitikisia kichwa kabla sijafika kwenye foleni, anadhani nasubiri barua ya mchumba. Sijamkatisha tamaa.

Binti yangu ameolewa tarehe kumi na mbili. Ilikuwa shughuli nzuri. Mkwe sasa si mtarajiwa tena, amehamia kabisa, na kinyume na nilivyotabiri amepanda juu ya paa la karakana siku ya tatu na kuziba pale palipokuwa panavuja. Nimelazimika kubadili maoni yangu juu yake, jambo ambalo katika umri wangu linachosha kuliko kufua.

Ulikuwa na kiti. Nilikiacha wazi, safu ya mbele, na watoto walipokikalia niliwanyanyua.

Niandikie hata matusi.

Shangazi yako


18 Agosti

Shikamoo Shangazi,

Mpe binamu hongera zangu, na huyo shemeji aliyepanda paa mwambie nina deni lake la shukrani. Samahani kwa kukosa harusi. Hii nasema kweli, si kwa maneno ya mzaha.

Nimezisoma. Zilikaa juu ya kabati wiki sita. Kila nikirudi kutoka kazini nilikuwa naziona, nakwenda kupika, nakula nimezipa mgongo. Siku moja mama mwenye nyumba aliniuliza kama hizo karatasi ni za kutupa, akanyoosha mkono, nami nikapiga kelele hata majirani wakafungua milango. Basi nikajua ni lazima nizisome.

Ya kwanza ni ya kikazi kabisa. Bwana Katibu, nimesikia chama chenu kinatambua sarafu, naomba msaada. Ameeleza kwamba mkaguzi alikuwa amemrudishia kile kitu baada ya kesi kufungwa. Kile kitu nilichofukuziwa bila kuoneshwa, Shangazi, ndicho ulichonishonea mfukoni. Mwishoni kabisa, baada ya sahihi, ameongeza mstari mmoja: “Nasikia mna mwanachama anayetengeneza lifti. Je, ni kazi ya hatari?”

Ya pili inauliza kuhusu herufi, na kama fundi wa lifti huvaa kofia ngumu. Ya tatu inauliza kuhusu pengo la ukingoni, na kama fundi wa lifti amenenepa au amekonda. Katibu alimjibu kwamba pengo hilo hupigwa tupa na sonara anapotaka kuhakikisha kitu ni fedha ya kweli, na kwa kuwa ndani ya pengo fedha bado inang'aa ilhali sarafu yote ni nyeusi, limepigwa miaka ya karibuni. Na kwamba fundi wa lifti ana afya ila anakula biskuti kupita kiasi.

Ya nne nimeinakili hapa, maana sijui kama uliwahi kuiona:

“Bwana Katibu, nilichukua jibu lako nikaenda nalo dukani kwa yule sonara. Nilimwambia, sarafu hii imepigwa tupa, na katika kesi ile watu wenye tupa ndogo kama hiyo ni mmoja tu. Sikutegemea angekubali. Hakubisha hata kidogo. Alicheka, akasema mambo ya zamani hayo mzee, akaniuliza kama ninakunywa chai. Alikuwa ameinunua sarafu kwa uzito, pamoja na bangili zilizovunjika. Nilirudi nyumbani kwa miguu. Kijana wangu hakuwa na kosa. Nilimfukuza mbele ya watu kwa sababu niliona aibu mbele ya watu hao hao. Nimeanza kumwandikia mara nne. Kila nikifika kwenye lile neno lenyewe kalamu inakauka. Kwako wewe wino unatoka, sijui kwa nini. Labda kwa sababu hujanikosea na sijakukosea. Usimwambie. Nitakuja mwenyewe mvua zikipungua.”

Mvua zilipungua mara nne, Shangazi. Zilizobaki zote ni hivyo hivyo. Sarafu mistari miwili, mimi ukurasa mzima. Nilipopandishwa cheo alijua kabla mama mwenye nyumba hajajua. Katika ya mwisho mwandiko umelegea, nane hazifungi tena, na anauliza basi linalokuja huku linaondoka saa ngapi.

Nilikasirika na Katibu, nikakasirika nawe, nikamkasirikia baba kiasi ambacho sikujua kimebaki. Mtu anaweza kutembea hadi kwa sonara kumshtaki, lakini hawezi kununua stempu ya kunipelekea mimi barua? Na ujasiri wa kumwambia mgeni kila kitu alikuwa nao!

Halafu nimekumbuka kwamba na mimi nina la kusema, na sijawahi kulisema kwa mtu yeyote.

Kazi hazikuwa nyingi. Nilikuja. Siku ya maziko nilishuka basi asubuhi, nikatembea hadi kwa fundi matairi pale kona. Niliona viti. Niliona watu wamejaa hadi barabarani, kama ulivyosema. Nikawaza kwamba kila mmoja wao anajua nilifukuzwa kama mwizi, na nitaingia nikiwa mwizi aliyekuja kumzika aliyemkamata. Fundi matairi alikuwa mgeni mtaani, hakunijua, akanipa ndoo nikae. Mlipombeba mkapita mbele yetu. Ulikuwa na kanga ya bluu na ulikuwa unachechemea. Nilisimama nikavua kofia. Fundi matairi akaniuliza, “Unamfahamu marehemu?” Nikasema hapana. Nikarudi kituoni.

Hilo ndilo jibu ulilolisubiri tangu Machi.

Sarafu yenyewe imetambuliwa, kama bado una hamu. Ni ya karne ya kumi na nne, ya mtawala aliyekaa kwenye kiti miaka minne kisha ndugu yake akamtoa. Mwalimu amejifariji kwamba angalau kulikuwa na mfalme. Thamani yake haifiki jozi ya viatu. Mama Vifungo ameniambia tungekuwa tumeimaliza mwezi wa tatu kama tungemwuliza mwanamke.

Mtoto wenu


2 Septemba

Mwanangu,

Marahaba. Barua yako nimeipokea jana, nikaisomea palepale posta, nimesimama. Yule dada wa dirishani akaniletea kiti. Sasa anaamini mchumba ameniacha.

Nikujibu kwanza ulilonishtakia. Nilijua, ndiyo. Mimi ndiye niliyemwambia kaka yangu kuhusu chama chako, na mimi ndiye niliyekuwa nampelekea barua zake posta, kwa magoti haya. Kila mara nilimwambia, badilisha jina kwenye bahasha hii, umwandikie mwenyewe. Alikuwa ananijibu kwamba uzito wa sarafu bado haujathibitishwa. Huyo ndiye kaka yangu. Alikufa akisubiri uthibitisho wa kitu alichokipima mwenyewe. Kwa nini sikukwambia? Kwa sababu ningekwambia mimi, ungesema shangazi anatunga ili kuwapatanisha hai na maiti. Nilitaka ulisome kwa mwandiko wake. Tena nilifikiri itachukua wiki mbili. Sikujua wataalamu wenu husoma sarafu kichwa chini.

Kuna karatasi hapa, ina muhuri. Mwaka uleule aliokwenda kwa sonara, alikwenda pia kwa mkaguzi, wakaifungua kesi upya, wakafuta jina lako. Ndiyo maana yule mkaguzi alikuja mazikoni na fimbo yake. Hakuja kwa ajili ya baba yako peke yake. Alikuwa anakutafuta wewe akuombe radhi. Watu wote waliokuwa kwenye viti vile, mwanangu, walikuwa wanajua hukuiba. Baba yako alikuwa amewaambia mmoja mmoja, duka kwa duka, hadi kwa yule mama mwenye ngazi yetu. Aliweza kumwambia kila mtu aliye hai isipokuwa mmoja.

Sasa langu. Miezi kumi na mitano nimekuhesabu hukuja. Nimekusema kwa binti yangu, kwa mkwe, kwa wateja walioleta vitambaa tu na kutaka kuondoka. Niliandika kwenye barua hizi maneno ya kukuchoma, nikayachagua kwa makini, nikafurahia yalivyokaa. Sikuuliza kama kulikuwa na sababu. Nilikutazama tu nikakuhukumu, kama alivyofanya kaka yangu, na wewe ulikuwa umesimama pale kona umevua kofia nami nimepita hatua kumi kutoka kwako.

Nisamehe.

Umeona? Ni neno moja. Kaka yangu alilizunguka miaka minne na stempu kumi na moja. Mimi limenitoka mchana, mezani, na mkwe ananiuliza kama kuna chai.

Njoo Ijumaa ya mwisho wa mwezi huu. Basi linaondoka huko saa kumi na mbili na nusu asubuhi, nimeuliza mwenyewe. Utafikia chumba chako. Karakana ni kavu. Mwenye duka la viungo ana mizani isiyotulia, amekataa kuipeleka kwa mtu mwingine tangu baba yako afe, na nimemwambia fundi yuko njiani. Usinitie aibu.

Shangazi yako